Kioo Kisichopanda: Kutoka Liwale hadi Gerezani na Kurudi

Niliondoka Liwale kwenda Dar es Salaam kwa sababu ya jicho la mama mkwe wangu. Bibi Somoe alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, tangu kabla sijaolewa na mwanawe. Baada ya kubembelezwa miaka mingi, alikubali kupasuliwa jicho moja, la kulia, ajaribu kwanza. Wifi yangu Zainabu, anayeishi Kigamboni, alikuja kumchukua kwa basi. Upasuaji ukaenda salama. Ikabaki kumrudisha nyumbani, na hapo daktari akatoa sharti: kwa wiki kadhaa jicho lisipigwe na upepo, na vumbi lisiliguse kabisa.

Nyie mnaoijua barabara yetu ya kutoka Liwale hadi Nangurukuru wakati wa kiangazi mnajua sharti hilo lina uzito gani. Vumbi la barabara ile huingia mpaka ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli. Mabasi yanayopita huko, dirisha hili halifungi, lile limebanwa kwa kipande cha boksi. Mume wangu Hamisi aliniangalia, nami nikamwangalia. Nyumbani kwetu mwenye leseni ni mimi.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, la zamani, na kazi yake ni mikate. Mimi ni mwokaji. Kila asubuhi napanga kreti za mikate kiti cha mbele cha kushoto na kiti cha nyuma, nazungukia maduka, nafungua mlango, nafunga mlango. Pamoja na umri wake, gari lile lina vioo vya umeme, na vikishapanda vinabana sawasawa. Vumbi hubaki nje. Ndiyo maana lilichaguliwa.

Niseme na jambo jingine, maana bila hilo hamtaelewa nilivyohangaika. Mama mkwe, ambaye namwita Mama, hakuwahi kupanda gari langu. Hakukataa hata siku moja. Ila kila nilipomkaribisha alikuwa na sababu. Mara miguu inataka kunyooshwa, mara anapofika ni karibu tu. Nilijua haamini uendeshaji wangu, naye alijua kwamba najua, tukaishi hivyo kwa heshima. Sasa alikuwa hana njia ila kunipanda, nami nilitaka safari hiyo isiwe na doa.

Alfajiri ya kuondoka, Hamisi alinisindikiza mpaka mwisho wa mji, akateremka, akapiga bodi kwa kiganja mara moja kama anayemuaga punda. Nikapandisha vioo vyote vinne, nikaingia kwenye vumbi. Miguruwe nilipita jua likiwa bado la upole, Njinjo likiwa limeshachacha. Ndani ya gari kulikuwa na joto la tanuri, lakini dashibodi ilikuwa safi, naweza kuandika juu yake kwa kidole nisiache alama. Nilifurahi sana. Nilijisemea, Mama atafika nyumbani jicho lake likiwa kama alivyoliacha daktari.

Nangurukuru nilipata lami, na Somanga nikapata upepo wa bahari. Wachuuzi walilizunguka gari na mabeseni ya samaki wa kukaanga na pweza. Nikabonyeza, kioo cha kushoto mbele kikashuka chote, nikachagua samaki wa kumpelekea wifi. Mchuuzi mmoja, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, alifungua kabisa mlango ule ili aweke mfuko vizuri juu ya kiti, kisha akaufunga kwa nguvu. Nikabonyeza ili kioo kipande juu. Kimya. Nikabonyeza tena. Hata kukoroma hakikukoroma.

Vile vitatu vingine vilipanda na kushuka kama kawaida. Kile kimoja kilikuwa kimezama ndani ya mlango, hata ncha yake huioni.

Kutoka hapo mpaka daraja la Rufiji, na kutoka darajani mpaka Kibiti, niliendesha upepo ukinipiga sikio la kushoto. Kibiti nilinunua nailoni na gundi ya karatasi, nikaziba dirisha. Nailoni ilipiga kelele njia nzima, papapapa, papapapa, mpaka Mkuranga, mpaka Mbagala, mpaka kichwa kikaniuma.

Magogoni nilifika jioni. Njia ya pantoni, kuvuka maji na gari, ndiyo ninayoijua kufika kwa wifi, kwa hiyo nilipanga foleni. Pantoni lilipoondoka nilikuwa nimekaa kwenye usukani, abiria wamejaa katikati ya magari, na mimi bado nimo kwenye swichi yangu, nabonyeza kwa ukaidi tu. Bwana mmoja aliyekuwa anapenya na begi aliona mlango wa kushoto haujafunga sawasawa, akausukuma kwa nyonga. Papo hapo kioo kikaruka juu kiasi cha kiganja, kikasimama. Nikaruka na mimi. Nikabonyeza, nikabonyeza, hakikuongeza hata unene wa ukucha. Yule bwana akaenda zake, hakujua alichokifanya. Nami nikasema gari limechoka, linaota.

Kigamboni, Mama alikuwa amekaa barazani, jicho la kulia limefungwa bandeji, la kushoto na ukungu wake. Alinisikia kabla sijazima injini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Tatu. Pole na njia. Kitu gani kinapigapiga hivyo?"

Zainabu alinikonyeza ninyamaze, lakini Mama alikuwa ameshasimama. Alishika bodi la gari, akalifuata kwa mkono mpaka kwenye mlango wa kushoto, akapapasa pale penye kioo. Nailoni ikabonyea chini ya vidole vyake.

"Hapa pana nini?"

"Nailoni, Mama. Kioo kimegoma kupanda. Nitakitengeneza kesho."

Akaipapasa tena, taratibu. "Kumbe gari la mikate nalo linafungwa kama mikate," alisema. Halafu, bila ukali wowote, akaongeza: "Bandeji wananitoa kesho kutwa. Nikitoka hapo nipandisheni basi. Nitajifunika kanga usoni."

Nilikula samaki wale bila kusikia ladha yake. Zainabu alisema, "Wifi, hilo ni jambo dogo kwa Kariakoo. Kesho nenda Gerezani, mtaa wa mafundi palepale, muulize mtu yeyote kioo cha gari, utaona." Alisema kama mtu anayesema kesho nenda kisimani.

Asubuhi yake nilivuka tena. Nilipita Kivukoni, harufu ya mnada wa samaki ikaingia kupitia nailoni, nikapita Mnazi Mmoja watu wakikatiza kwa miguu kutoka kila upande kuelekea sokoni, nikaingia Kariakoo. Mimi ni mtu wa Liwale. Nikisikia Kariakoo husikia habari za kuibiwa. Nilikuwa na gari lenye dirisha la nailoni, nikaapa sitoki kwenye usukani hata kwa dawa.

Basi, lililotokea ni kwamba ile nailoni ndiyo iliyonifungulia mji. Kila niliposimama kwenye foleni, mtu aliiona, akainama.

"Mama, mota hiyo?" aliuliza mwuza soksi.

"Siyo mota, swichi," akasema mwenye mkokoteni nyuma yake.

"Msimchanganye mama wa watu. Mama, nyoosha Msimbazi, ukifika kona ile ingia Gerezani, uliza Sikio."

"Sikio?"

"Sikio. Fundi umeme. Mwambie umeelekezwa na soksi."

Watatu walinielekeza kwa jina hilo hilo kabla sijafika, na hakuna aliyetaka kitu. Kule kwetu tunadhani mji mkubwa ni watu wasiojuana. Nilichokiona mimi ni mji wa watu wanaojua nani anajua nini.

Gerezani, kichochoro chenyewe kilikuwa chembamba, pande zote mbili vibanda vya vipuri vya mtumba: milango imesimamishwa kama vitabu kwenye rafu, taa za mbele zimening'inizwa kama matunda, mota na swichi kwenye ndoo. Dada mmoja aliyevaa aproni ya buluu alitoka kibandani kabla sijauliza.

"Mambo? Kioo kimekukataa, dada?"

"Poa. Kimenikataa tangu Somanga."

"Somanga! Umetoka kusini? Mimi Songea. Karibu nyumbani." Akageuka, akapaza sauti: "Sikio! Mgeni wangu huyu, usimtoze uongo!"

Dada huyo ni Neema, muuza vipuri. Na aliyeitikia wito alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikono, kalamu sikioni, anatembea kama mwenye nyumba. Alinisalimia, akaniuliza nyumbani hawajambo, ndipo akalitazama gari.

"Mimi ndiye Sikio," alisema. "Wapo wengine humu wanajiita hivyo, lakini hao ni sikio la kufa."

Nilimweleza haja yangu yote: jicho, vumbi, mama mkwe, basi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuchezea simu. Aliniambia niwashe swichi bila injini, nibonyeze kioo kimoja kimoja. Vitatu vikatii. Alifungua sanduku la fyuzi, akaitoa ile ya vioo, akaitazama juani, akairudisha. Akakifungua kile kitufe cha kufungia vioo vya abiria, akakifunga, akakifungua. Kisha akang'oa kava la mlango wa kushoto kwa upole ambao sijauona hata kwa mkunga, bila kuvunja klipu hata moja, akaegemeza sikio lake kwenye bati.

Pale palikuwa na kelele ambayo siwezi kuieleza. Upande mmoja chuma kinasagwa, upande mwingine mtu ananyoosha bodi kwa nyundo, muuza juisi ana spika, na Msimbazi kwa mbali inanguruma. Nikafikiri, atasikia nini huyu?

Alinyoosha mkono juu. Akasema, wala si kwa ukali, "Jamani, sikio."

Na kichochoro kikanyamaza. Naapa. Mashine ya kusaga ikazimwa, ikawa inalialia mpaka ikafa. Mwenye nyundo alibaki nayo hewani. Muuza juisi akazima muziki katikati ya neno. Mwenye mkokoteni wa mabomba akashusha mikono, akasimama, jasho likimtiririka, akingoja kama wengine. Nilisikia kunguru juu ya paa. Nilisikia pumzi zangu.

"Bonyeza, dada."

Nikabonyeza.

"Tena. Shusha. Pandisha. Haya, ahsanteni."

Kelele zote zikarudi kwa pamoja, kama mvua inapoanguka kwenye bati. Nilikuwa nimeshika mdomo. Neema akacheka aliponiona.

"Unashangaa nini? Hapa kila mtu ameshawahi kungoja kitu chake kisikilizwe. Leo wewe, kesho yeye mwenye nyundo."

Sikio alinyooka. "Hakuna kitu. Mota haijakohoa hata kidogo. Tuone kama inaletewa chakula." Alichomeka taa yake ndogo ya kupimia kwenye soketi inayolisha mota, nikabonyeza, taa ikawaka. Nikashusha, akageuza, ikawaka tena. "Umeme unafika. Chakula kipo mezani, mlaji hali. Mota imekufa. Neema!"

Neema alikuwa ameshachimba kwenye ndoo. Alikuja na mota ya gari kama langu, ameipangusa kwa aproni. Nikatia mkono kwenye pochi. Akanizuia.

"Subiri. Jaribuni kwanza. Ikikubali tutaongea, ikikataa narudisha kwenye ndoo."

Sikio aliichomeka mota ile nje nje, bila kuifunga. Nikabonyeza. Haikuzunguka. Akaiangalia, akaangalia taa yake, akaichomeka taa: inawaka. Akachomeka mota: kimya. Neema alichukua mota yake, akaipeleka kwenye betri iliyokuwa kibandani, tukaisikia ikilia vizuri kabisa, zzzzm.

Mtu mwingine angekasirika, au angetafuta wa kumsingizia. Sikio alichutama pale chini, akaanza kucheka, akampigia Neema saluti.

"Nimemzika aliye hai," alisema. "Mota yako nzima, dada, na ya Neema nzima. Nimekosea. Sasa mambo yamekuwa matamu."

Kwangu hayakuwa matamu. Jua lilikuwa limefika utosini, na nilimwona Mama kwa macho ya akili yangu amejifunika kanga ndani ya basi. Sikio alijaribu swichi: akang'oa ile ya mlango wa nyuma, inayofanana, akaipachika mbele. Hakuna. Akazipiga mswaki shaba za soketi. Hakuna. Taa inawaka, mota haizunguki. Mwenye nyundo alikuja akachungulia, akatoa wazo lake, likajaribiwa kwa heshima, likashindwa, akarudi kazini.

Ndipo Sikio alipokaa kwenye ukingo wa kiti changu, akafuta mikono, akanitazama mimi badala ya gari.

"Dada, nisimulie. Kilikufa vipi? Usiache kitu, hata kile unachoona ni upuuzi."

Nikamsimulia Somanga, samaki, mama mwenye kicheko, mlango kufunguliwa wote na kufungwa kwa nguvu. Nikasita. Kisha nikasema, "Na jana kwenye pantoni kiliota."

"Kiliota?"

"Kiliruka kiganja kimoja, kikasimama. Mtu alikuwa anausukuma mlango."

Sikio alisimama polepole, kama mtu aliyemwona ndege na hataki kumtisha. Akarudisha waya kwenye mota yangu, akaushika mlango. "Bonyeza, usiachie."

Nikabonyeza. Akaanza kuufunga mlango taratibu, taratibu, kama anayefunga chumba cha mtoto aliyelala. Hakuna. Hakuna. Halafu mlango ulipokuwa umebakiza kidogo, mota ikaguna, nguu! ikanyamaza. Akaurudisha unywele mmoja. Nguu!

"Umepona!" Neema alipiga kelele, na sijui alikuwa anamwambia nani, mimi au gari.

Katikati ya mlango na nguzo ya bodi kuna mpira mweusi uliojikunja, kama bomba, ambamo waya hupita kuingia mlangoni. Sikio aliuchomoa ule mpira na kuurudisha nyuma. Ndani yake waya zilikuwa salama kwa kuzitazama, ila moja, ya bluu, alipoivuta ilinyooka kama ulimbo. Ngozi nzima, ndani hamna. Akaichana kwa wembe. Shaba ilikuwa imekatika na kuota kijani, umebaki uzi mmoja tu, mwembamba kama nywele, umeshikilia.

"Njoo uone," aliniita. "Uzi huu unatosha kuwasha kitaa changu. Hautoshi kubeba kioo. Ndiyo maana taa ilinidanganya." Akanitazama. "Mlango huu unafunguliwa sana kuliko mingine?"

"Kila duka la Liwale," nikamjibu. "Mikate inakaa hapo."

"Basi ni mikate." Alicheka. "Kila ukifungua, waya unapindwa. Siku moja umechoka. Na siri ilikuwa kwako, dada. Ningebomoa gari zima, bila ile ndoto yako ya pantoni nisingefika hapa leo."

Hakuunga palepale palipokatika. Alikata pande zote mbili mpaka akafikia shaba inayong'aa, akaweka kipande kirefu kuliko kilichotoka ili kisivutwe mlango ukifunguliwa, akalehemu, akafunika kila kiungo kwa mpira mwembamba unaosinyaa ukipashwa moto. Waya za jirani nazo alizikagua moja moja, akikuta yenye dalili anaifanyia hivyohivyo. Nikamwambia hizo hazijaharibika. Akasema, "Unaenda Liwale, huendi Magomeni hapo jirani."

Nikabonyeza. Kioo kikapanda. Kikapanda kwa upande, kimeinama kama kofia ya mlevi, kikakwama.

Kumbe kule kuruka kwenye pantoni kulikuwa kumekivua kwenye kishikio chake cha ndani. Sikio alitia mkono kwenye tundu la mlango, ukagota kwenye kiwiko. Neema akamsogeza kando, akavua bangili, akaingiza mkono wake mwembamba mpaka begani, shavu limelala kwenye bati, macho ameyafumba. "Nimekigusa… subiri… Sikio, inua kioo. Inua! Haya." Kikalia, tak. Alipoutoa mkono ulikuwa umejaa vumbi jekundu la kwetu. Akaunusa. "Kusini," alisema.

Vumbi hilo lilikuwa limejaa pia kwenye mipira inayoongoza kioo. Waliisugua kwa mswaki na maji ya sabuni, wakaikausha, wakaipaka mafuta yasiyokula mpira. Ndipo Sikio alipoegemea tena kwenye bati na kunyoosha mkono. Sikungoja aseme. Nilipiga kelele mimi: "Jamani, sikio!" Na kichochoro kizima kikaninyamazia mimi, mwokaji wa Liwale. Kioo kikapanda kwa sauti moja nyororo mpaka juu, kikajifungia, tup. Mwenye nyundo alipiga bati lake mara tatu kwa shangwe.

Nililipa kazi ya Sikio. Neema alikataa katakata kulipwa kwa ajili ya mkono. "Mkono hauuzwi hapa," alisema, "nauza mota, na mota hukuitaka." Aliirudisha ndooni kwa furaha ileile aliyoitoa nayo.

Jioni Kigamboni, nilimfungulia Mama mlango. Aliingia, akakaa, akaniambia nifunge kila kitu. Kisha akamwita Zainabu, akamwamuru achukue ungo, asimame nje, apepee kwenye kioo kwa nguvu zake zote. Zainabu akapepea, kanga inamdondoka. Majirani wakatoka kutazama. Mama alikuwa ameegemeza shavu kwenye kioo, anausaka upepo kwa ngozi, anafuata ukingo wote kuanzia mbele hadi nyuma.

"Pepea!"

"Napepea, Mama! Mikono inakatika!"

Hatimaye akagonga kioo kwa pete. "Haupiti," alisema. Akateremka. "Fundi wako nani?" Nikamweleza habari za Sikio na Neema, na ule ukimya. Alinirudisha kwenye ukimya mara mbili, niusimulie tena. Habari ya basi haikutajwa.

Siku iliyofuata tulimpeleka kutolewa bandeji. Jicho lilikuwa linatoka machozi. Alisema anaona weupe wa kuta na watu kama vivuli, wakampa miwani nyeusi na dawa ya matone, wakatuambia litatulia lenyewe. Tukaondoka alfajiri ya pili yake, giza bado limeshika, tukapita Mbagala taa za barabarani zikiwa zinawaka. Mama alikaa mbele kushoto, pale pa mikate, mikono imeshika mkoba.

Njiani nilikuwa na muda wa kufikiri. Nyie nyumbani mtaniuliza Bongo kukoje, na najua mnachotaka kusikia. Mimi nitawaambia kwamba niliona watu wazima wakisimamisha riziki zao ili mtu wasiyemjua asikilizwe. Na nimejifunza kumwambia fundi kila kitu, hata ndoto. Na kwamba fundi mzuri unamjua siku anapokosea. Hayo ndiyo niliyorudi nayo, pamoja na kioo.

Nangurukuru lami ikaisha. Nikavipandisha vyote vinne, na kile cha kushoto kikawa cha kwanza kufika juu. Mama alikisikiliza mpaka kilipojifunga. Joto likaanza. Hakulalamika.

Baada ya Njinjo, lori la ufuta likaja mbele yetu likiwa na wenzake wawili nyuma. Nikasogea pembeni nikasimama, maana yalipotupita dunia ilipotea. Nje palikuwa pekundu, huoni hata boneti. Vumbi lilipiga vioo kama mchanga wa kumwagwa. Ndani palikuwa pametulia. Mama alivua miwani. Alikitazama kwanza kioo, akaona vumbi likitiririka upande wa pili, akaligusa kwa kidole asilipate. Kisha akanigeukia, akanitazama kwa muda, jicho la kulia limetulia, kavu.

"Mama Tatu."

"Abee, Mama."

"Kumbe una mwanya!"

Nikacheka, nikaziba mdomo kama nilivyozoea mbele yake. "Ndiyo, Mama. Nimezaliwa nao."

"Na Hamisi miaka yote hii haniambii?"

"Labda alidhani unaujua."

"Ningeujua kwa lipi? Mimi wewe nakujua kwa sauti na kwa harufu ya mikate." Alisogea karibu zaidi. "Toa mkono. Cheka tena."

Nikacheka. Malori yalikuwa yameshapita, vumbi limeanza kutua, barabara inaonekana mbele. Lakini sikuondoa gari mpaka aliporidhika.